Senti Yenye Herufi za Kinyume

Watu wa mtaa wetu hapa Tunduma wananijua kwa mambo mawili: zipu zisizokatika na mdomo mbaya. Zipu nauza, pamoja na nyuzi, vifungo, lastiki na bitana, katika duka dogo linalotazama barabara ya malori. Mdomo nilizaliwa nao. Na tangu video za kwenye simu zianze kuwaambia watu kwamba sarafu ya zamani yenye kasoro inauzwa mamilioni, mdomo umepata kazi kuliko zipu.

Wanakuja kwangu kwa sababu wanajua nakusanya sarafu. Nilianza zamani, kwa kuokota tu. Hapa mpakani hela za kila namna zinapita, na zile ambazo hazinunui kitu tena watu huziacha juu ya meza ya duka kama maganda ya karanga. Nikawa nazitia kwenye vikopo vya vifungo. Baadaye fundi saa mmoja alipoacha kazi, maana nani bado anavaa saa, nilinunua lenzi yake ya kubana kwenye jicho nikaanza kuziangalia kwa makini. Sasa mtu anaingia dukani, anasubiri wateja watoke, anafungua karatasi ya nailoni aliyoikunjakunja, ananong'ona, "Mama, hii ina kasoro."

"Kweli ina kasoro," namwambia. "Imekanyagwa na lori."

Wananuna, lakini ndivyo ilivyo. Kosa la kiwandani ni lile lililoipata sarafu wakati inagongwa, kabla haijaguswa na mkono wa mtu yeyote wa sokoni. Tundu limetobolewa pembeni badala ya katikati, au picha imegongwa mara mbili. Uharibifu ni kila kilichofuata: jiwe, moto, jino, tindo, tairi. Kwa macho ya haraka vinafanana. Lakini kosa la kiwandani halina jeraha. Shaba iliyogongwa vibaya inabaki laini, imetulia hivyo hivyo ilivyokosewa. Shaba iliyoumizwa baadaye inasukumwa kando, inaota ukingo mkali, na chini ya alama mpya utaikuta alama ya zamani imelala, imebapa. Mimi sijawahi kuletewa hata moja yenye kosa la kweli, na huwa nasema papo hapo. Mtu akienda kulala na mamilioni ya bure kichwani, kuamka kwake ni kubaya. Bora anichukie akiwa bado amesimama mlangoni.

Hayo ni kwa watu baki. Kwa mambo ya ndani mimi ni mwoga. Nikifunga duka narudi kuitikisa kufuli, nikifika nyumbani nawaza kama niliitikisa. Simu ikiita asubuhi mapema, kabla sijapokea nimeshamzika mtu. Kwa hiyo niliposikia shangazi yangu naye ana sarafu, nilianza kuogopa palepale, kabla hata sijaiona.

Shangazi anaishi Igamba, huko kwetu Mbozi. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, yeye na mume wake wakanisomesha kwa kahawa yao. Mume wake naye alishatangulia. Mtoto wao wa kumzaa ni mmoja tu, wa kiume, mdogo kwangu kwa umri. Alivuka kwenda Zambia akiwa kijana, akafika kwenye miji ya migodi ya shaba, akawa fundi magari. Mwanzoni alikuwa anakuja Krismasi. Baadaye mambo yakamwendea kombo, akaacha kuja, akabaki kuwa sauti kwenye simu: nikijipanga nitakuja, mama. Hakuja hata kumzika baba yake. Alikuwa hana kitu mfukoni, akaogopa macho ya baba zake wadogo, na baada ya hapo aibu ya kutokuja msibani ikamfungia njia kabisa. Shangazi hamlaumu mbele ya watu. Ila kitanda chake bado anakitandika, na mgeni akija kulala anatandikiwa chini.

Nilienda Igamba wakati wa kuvuna kahawa, nimsaidie kuchuma. Sikuwa nimeshusha hata mkoba, nikamwamkia, akaitikia, akaingia ndani, akatoka na kisahani cha chai. Juu ya kisahani palikuwa na senti kumi ya zamani, ile ya wakoloni yenye tundu katikati, taji upande mmoja na pembe za ndovu upande mwingine. Iling'aa kama kijiko kipya.

"Umeifanyaje, shangazi?"

"Nimeisugua na majivu na ndimu. Ilikuwa chafu."

"Jamani, shangazi! Hela ya zamani haisuguliwi! Ukiisugua umeichubua ngozi!"

"Hata wewe nilikuwa nakusugua," alisema, "na ngozi unayo."

Akaniambia alivyoipata. Ilikuwa ndani ya kopo la misumari la marehemu, chini kabisa, imefungwa kitambaa. Kijana wa jirani alikuwa amemwonyesha video, naye akaenda kukung'uta makopo yote ya mumewe. Hoja yake kubwa ilikuwa kile kitambaa. "Baba yenu hakuwa mtu wa kufunga takataka kwenye kitambaa," alisema. "Aliona kitu. Na hebu soma hapo."

Nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Kuzunguka tundu, kando ya herufi zake za kawaida, kulikuwa na herufi nyingine. Hizo zilikuwa zimezama ndani badala ya kuinuka, na zilisomeka kinyume, kama unavyosoma maandishi ya fulana yako kwenye kioo. Nikaisogeza karibu na jicho. Kuna kosa la kiwandani la namna hiyo hasa, moja kati ya yale yanayotafutwa: sarafu iliyokwisha kugongwa inanasa kwenye mashine, inayofuata inagongwa juu yake, na sura ya ile ya kwanza inazama kwenye ya pili, kinyumenyume. Nilikuwa nimelisoma tu. Sikuwa na lenzi, macho yangu ni ya mtu mzima, na majivu yalikuwa yamelainisha kila ukingo ambao ungeweza kunisaidia.

"Niachie niende nayo nikaiangalie vizuri," nikasema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hadi leo sioni ningesema nini kingine. Mtu mwingine akisema vile amesema tu kwamba ataangalia. Mimi nikisema vile, kwa wanaonijua, nimeshakubali. Shangazi hakuuliza tena. Alinifungia senti kwenye kitambaa kilekile cha marehemu, akaenda kuchuma kahawa huku anaimba pambio.

Nilirudi Tunduma siku iliyofuata. Sikuiangalia siku hiyo, kwa woga tu. Niliitia kwenye kopo la vifungo vya sare za shule, nikauza zipu, nikaliangalia kopo. Asubuhi, kabla sijapata mteja, simu ikaita. Alikuwa shangazi, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Anakuja!"

"Nani anakuja?"

"Mdogo wako! Nilimtumia ujumbe wa sauti. Nikamwambia baba yako amekuachia kitu, dada yako amekiona na hakukikataa. Ameshapanda basi, mwanangu. Ameshapanda!"

"Shangazi, mimi sijasema..."

"Hukusema, najua. Wewe ukiona takataka unasema palepale, hata ya mchungaji. Hii hukusema."

Akakata simu akamtafute kuku. Nikaiweka simu mezani. Nilifunga mlango nusu, nikatoa kitambaa, nikabana lenzi kwenye jicho, nikasogea penye mwanga. Niliegemeza kiwiko kwenye marobota ya bitana ili sarafu isitoke machoni.

Herufi za kinyume hazikuenea sarafu nzima. Zilikaa kwenye mzunguko mwembamba kandokando ya tundu, nje ya hapo hakuna kitu. Kosa la kiwandani lingezamisha sura nzima, hadi ukingoni. Chini ya zile herufi niliziona ncha za pembe za ndovu zimebapa, maana yake zilikuwepo kwanza, kisha kitu kikaja kuzikandamiza. Tundu lenyewe halikuwa duara tena, lilikuwa limeliwa upande mmoja. Nikaigeuza. Upande wa taji, palepale kuzunguka tundu, majivu yalikuwa yamefuta karibu kila kitu, lakini nilipoilaza kidogo mwanga ukapita juu yake na nikaona kona. Kisha nyingine. Kona sita, zimekaa sawasawa.

Ilikuwa alama ya nati. Nikanusa kitambaa: grisi.

Kwetu Mbozi senti za tundu hazikutupwa zilipokoma kununua kitu. Zilihamia kwenye mashine za mkono za kumenyea kahawa. Bolti ikilegea, na mashine ya kahawa inatikisika mpaka kila kitu kinalegea, unavisha senti, au senti mbili kwa pamoja, unakaza nati, na ikikataa unaigonga nyundo. Washa za dukani, zile pete za bati zinazokaa chini ya nati, zilikuwa mbali, na senti ilikuwa na tundu tayari. Mume wa shangazi aliziweka mbili, uso kwa uso, na misimu yote ile zikawa zinagandamizana chini ya nati mpaka moja ikaandikwa kwenye mwenzake. Alipopata washa za kweli akazitoa, hii moja akaifuta grisi, akaifunga kitambaa. Hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Kwa mtu baki ningecheka. Ningesema, hii imetoka kwenye mashine ya kahawa, irudishe. Badala yake niliketi juu ya kigoda. Huko ng'ambo kulikuwa na mtu ndani ya basi anakuja kwa ajili ya alama ya nati.

Ningempigia. Namba nilikuwa nayo. Nilijua pia kitakachotokea nikimpigia: angeshuka kituo chochote, angevuka barabara, angesimamisha gari la kurudi. Alishashindwa kuja kwa msiba, angekujaje kwa senti mbovu? Na shangazi kule Igamba alikuwa anakamata kuku. Nikaishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Mteja akaja kutaka uzi mweusi, nikampa wa bluu, akaurudisha, nikamfokea. Nikajiambia nitamwambia ana kwa ana, akivuka, ndiyo heshima. Huo ulikuwa uongo kidogo, na nilijua hata wakati najiambia.

Siku ya kufika kwake nilisimama upande wetu wa mpaka tangu asubuhi. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka yasikoonekana, wabadilisha fedha wanapita na vibunda vyao, akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, wanavuka na mabeseni. Kila mwanaume mwenye begi niliona ni yeye. Nilikuwa nimepanga maneno: mdogo wangu, sikiliza, ile senti imeharibika, si kosa la kiwandani, lakini mama yako amezeeka, twende tu. Niliyarudia mpaka yakapoteza maana.

Alipotokea nilimtambua kwa mwendo. Mwendo wa baba yake, bega moja chini. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, jambo ambalo sijui kwa nini sikulitarajia. Begani alikuwa na begi, mkononi sanduku la spana, na nyuma yake mkokoteni umebeba godoro lililokunjwa, jiko la mkaa na ndoo iliyojaa sufuria. Mtu anayekuja kusalimia habebi godoro.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hivi vyote ni vyako?"

"Eya, mukwai," alijibu, Kibemba kikimtangulia, kisha akajirekebisha. "Ndiyo, dada. Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe." Akatazama huku na huku, akanisogelea. "Umeiona kwa macho yako? Ni ya kweli?"

Yale maneno yangu yote yalikuwa pale mdomoni. Mimi, ambaye nimewavunja mioyo vijana wa mtaa mzima bila kupepesa jicho. Nyuma yake, hatua chache tu, lilikuwa geti alilotokea, na gari za kurudi zilikuwa zinaita abiria.

"Twende kwa mama yako kwanza," nikasema.

Akatabasamu, maana naye ananijua.

Njia nzima hadi Mlowo, na kutoka Mlowo kwenda Igamba, mimi nilihesabu vituo tu. Yeye aliongea. Alisema atajenga nyumba ya mama, kisha atafungua gereji pale Mlowo, njia panda. Alisema atawaita baba zake wadogo wote, awachinjie, aombe radhi ya msiba akiwa mtu mzima mwenye kitu. Hapo akatazama nje, akafuta uso kwa mkono. Senti ilikuwa kwenye mkoba wangu, nami nilikuwa nimeukumbatia mkoba kama mwizi. Nilichukia ile video, nikamchukia kijana wa jirani. Nilimchukia hata marehemu kwa kile kitambaa chake.

Shangazi alikuwa amesimama barabarani. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza huku na huku. Halafu akalia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, kilekile ambacho mwanawe hakuwepo kukisikia, na mdogo wangu akapiga magoti kwenye vumbi palepale, mbele ya watu. Nilisaidia kushusha godoro. Nilifurahi kuwa na kitu cha kushika.

Tulikula. Baada ya kula shangazi akaleta kile kisahani cha chai, kitupu, akakiweka mbele yangu.

"Haya, mwanangu. Mpe mdogo wako urithi wake."

Nikafungua kitambaa. Nikaiweka senti kwenye kisahani, ikalia. Nilifungua mdomo, na nilikuwa nimeamua, nasema kweli nilikuwa nimeamua. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshaichukua. Aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akazisoma herufi za kinyume, akacheka kidogo kwa furaha. Kisha akaigeuza kama fundi anavyogeuza kitu chochote, akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka tundu. Ukucha ukasimama. Ukaenda, ukasimama tena. Nikaona uso wake unabadilika kabla hajafika kona ya tatu.

"Hii ilikuwa chini ya nati," alisema.

Akanigeukia.

"Dada. Hii ni washa."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukiwa pale mpakani ulijua?"

"Nilijua kabla hujafika."

Aliinuka, kiti kikaanguka nyuma. Sijawahi kumwogopa mdogo wangu, nimemwogesha akiwa mdogo, lakini pale nilirudi ukutani. "Nimerudisha chumba!" alisema. "Nimemwachia mwingine kazi! Ungeniambia pale Tunduma, dada, neno moja tu!"

"Ningekwambia ungegeuza."

"Ningegeuza, ndiyo!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuijua. Nilikuwa naogopa ataniuliza nina haki gani. Hakuuliza. Alisimama anahema, senti bado mkononi, akitazama mizigo yake mlangoni: godoro, jiko, ndoo ya sufuria.

Ndipo shangazi alipoingilia. Alinyoosha mkono, akaichukua senti kutoka kwenye vidole vya mwanawe, akaitazama juu na chini.

"Kwa hiyo haina kitu?" aliniuliza.

"Haina kitu, shangazi. Imeharibika. Imebanwa kwenye mashine ya baba."

"Haina kitu kabisa?"

"Kabisa."

Akaiweka. Akamgeukia mwanawe, polepole, akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu simu ile ya asubuhi.

"Na wewe unarudi lini?"

"Nirudi wapi, mama?" Alikuwa karibu kulia. "Sina chumba. Sina kazi. Kila kitu changu ndiyo hicho hapo mlangoni. Sina pa kurudi."

"Pole, mwanangu," alisema shangazi. "Pole sana, baba."

Alisema pole kwa kweli, kama inavyotakiwa, na mkono kifuani. Lakini uso wake ulimshinda. Nilimwona anauinamisha, anauficha kwa ncha ya kitenge, mabega yanatikisika. Mwanawe naye aliona. Alimtazama mama yake, hasira ikiwa bado imemjaa usoni, haina pa kwenda.

"Mama," alisema, "unacheka."

"Sicheki, baba. Vua viatu."